Kopo Nililompa Baba Mkwe

Kuna watu kijijini kwetu bado wananiita Ta Kopo (Ta kwetu ni mzee, kama Ma ilivyo mama), na vijana waliozaliwa juzi nao wananiita hivyo hivyo bila kujua kwa nini, wanadhani labda niliwahi kuuza makopo, na mimi naitika tu, maana ukimweleza kijana kisa chenyewe hatakusalimia tena kwa mkono. Lakini nimeona bora nikiandike mwenyewe (shule niliacha mapema, mtanisamehe herufi), kwa sababu kila anayekisimulia anaongeza chumvi yake, na mmoja nimemsikia sokoni Muleba akisema eti baba mkwe wangu alikufa palepale. Hakufa. Alitafuna, akameza, akaishi miaka mingi tu baada ya hapo, na aibu ndiyo iliyobaki kwangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtu Ndugu, dukani leo kuna sabuni kesho hakuna, na jioni wazee wanapelekwa darasani kujifunza kusoma kama watoto (hilo la kusoma mlishike, litanirudia vibaya). Ndipo akaletwa Bwana Mifugo kutoka Bukoba, mtu wa Upareni, mrefu, mpole, na pikipiki yake na sanduku lenye darubini. Kazi yake ilikuwa kufuatilia minyoo inayotoka kwa wanyama na kuingia kwa watu, na kwetu huko milimani hakukosea njia, maana siku zile tulilala na mbuzi ndani ya msonge, mbuzi amefungwa kwenye nguzo, mtoto amelala hatua chache kutoka kwake, mbwa mlangoni, nguruwe nyuma ya nyumba, na mama anaondoa mavi ya mbuzi kwa mkono na kwa mkono uleule anaanza kumenya ndizi. Sisi tuliona ni maisha. Yeye alikuwa akiingia nyumbani mwa watu anatoa macho.

Akataka mtu wa kumtembeza na kumtafsiria Kihaya, na mwenyekiti wa kijiji akanichagua mimi, akasema, "Deo ana maneno mengi, mchukue, angalau huku tutapumzika."

Kazi yangu, niseme bila kuficha, ilikuwa kufuata mbuzi. Mbuzi anatembea, mimi nyuma. Mbuzi anasimama, mimi nasimama. Akijisaidia, naokota, natia kwenye kikopo, Bwana Mifugo anabandika plasta chini yake na kuandika ni mnyama gani na wa nani. Wenye nyumba nao walitakiwa kuleta vikopo vya mavi yao wenyewe, na hapo ndipo nilipotukanwa matusi ambayo hata kwenye pombe sijayasikia. Lakini vikopo vyenyewe! Vilikuwa vya bati jeupe, vidogo, kifuniko cha kuzungusha, vinang'aa kama kikombe cha padri (Mungu anisamehe). Kwa wakati ule, kijijini, kitu kinachong'aa hivyo hukukiona nyumbani mwa mtu.

Siku moja Bwana Mifugo akanisogeza kwenye darubini yake, akasema, "Tazama, Ndugu Deo." Nikatazama. Nikaona vitu kama mayai, ndani yake kitu kimejikunja. Nikamwuliza ni nini, akasema ni punje ileile uliyoiokota asubuhi. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, na mke wangu Koku akadhani nimefiwa.

Koku mwenyewe ndiye mwanzo wa yote. Mimi nilikuwa nikirudi jioni navipanga vikopo juu ya kibao, karibu na chumvi, kwa sababu pale mtoto hafiki. Akavumilia, akavumilia. Halafu jioni moja akanyoosha mkono gizani kutafuta chumvi akafungua kikopo kisicho chake.

"Deo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya taratibu sana, ndipo nikajua nimekwisha. "Nimeolewa na mtu au nimeolewa na zizi?"

"Ni kazi ya serikali, Koku."

"Basi serikali ikupikie."

Asubuhi akambeba mtoto mgongoni akapanda basi, akaenda kwao Ijuganyondo, pale Bukoba. Nikajua atarudi. Hakurudi. Wiki zikapita, ndizi nachemsha mwenyewe (nikimenya vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, watu wananicheka kisimani), mpaka baba mkwe, Ta Laurenti, alipotuma neno: njoo Jumamosi, uje na aliyekuwa mshenga wako, uje na rubisi (pombe yetu ya ndizi), uape mbele ya ukoo kwamba mavi hayataingia tena nyumbani mwako. Ukiapa vizuri unaondoka na mkeo. Usipoweza, usije tena hapa kwangu kabisa.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo mwenyewe.

Kwetu huwezi kwenda mbele ya mzee bila akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, inakaushwa mpaka inakuwa nyeusi nyeusi. Unafungua, unatafuna wewe kwanza ili wenzako waone hakuna ubaya, halafu unapitisha. Mimi kahawa yangu nilikuwa naiweka kwenye kifuko cha nyuzi za mgomba, kimezeeka, kimekaa moshini mpaka kimefanana na panya aliyekauka. Nikakitazama, nikasema hapana, siwezi kwenda kuomba mke na kitu hiki. Nikachukua kikopo kimoja kipya cha Bwana Mifugo, hakijatumika (naapa hakijatumika), nikajaza kahawa yangu. Kiking'aa mkononi, Ta Laurenti ataona mkwe wake ni mtu wa wataalamu. Hiyo tu ndiyo ilikuwa dhambi yangu, majivuno ya kikopo.

Kumbe Bwana Mifugo kasikia naenda Bukoba. Alfajiri ananifuata kituoni na kikopo kingine. "Ndugu Deo, niachie hiki ofisini, ni cha yule mbuzi wa Ma Angela anayekonda, nataka wenzangu wakitazame." Nikakipokea. Kahawa mfuko wa kulia, mbuzi mfuko wa kushoto. Mtoto wa darasa la kwanza asingekosea.

Mshenga wangu, Ta Pastori, akaja na kibuyu cha rubisi, na mimi shavu limevimba kwa sababu jana yake niling'olewa jino, mdomoni nina pamba. Tukapanda basi linalotoka Biharamulo. Kabla ya Kemondo likazima. Wanaume wote chini, sukumeni. Nikavua koti nikamtupia Ta Pastori, maana yeye alisema hawezi kusukuma basi huku amebeba rubisi (mzee mjanja sana yule, nitamrudia). Tukasukuma mpaka nikasikia jino lile lisilokuwepo linauma. Basi likawaka, narudi ndani, Ta Pastori ananivalisha koti na kusema, "Vikopo vyako vilianguka chini ya viti, nimekurudishia vyote."

"Ahsante, Ta," nikasema. Nikapapasa kulia, kipo. Nikapapasa kushoto, kipo. Nikakaa nikatulia. Kugeuza tu nitazame plasta, sikugeuza.

Tulifika Bukoba ofisi zimefungwa, ilikuwa Jumamosi mchana. Basi nikasema nitakiacha Jumatatu, tukapanda kwa miguu mpaka Ijuganyondo.

Pale tukapokewa kama watu wanaoingia mahakamani. Ndani wametandika majani mapya, Ta Laurenti amekaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, fimbo magotini, picha ya Bikira Maria ukutani juu yake. Pembeni ndugu wawili watatu wa ukoo, wamenyamaza. Na mkekani amekaa shangazi yake Koku, Ma Justa, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Koku sikumwona, lakini nyuma ya ukuta wa matete nilisikia mtoto wangu akikohoa, nikajua mama yake yupo hapo na masikio yote.

Tukasalimiana, rubisi ikapokelewa. Ma Justa akaanza yeye.

"Mkwe, umevimba shavu. Mbuzi amekupiga teke?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema ni jino.

"Aa. Mimi nilidhani sasa mnatazamana na mbuzi uso kwa uso."

Ta Laurenti akagonga fimbo. Akasema yeye hakumlea binti wa kuweka chumvi pamoja na mavi, kazi ni kazi, lakini nyumba ni nyumba. "Sema, kijana. Nasikiliza."

Nikasimama. Nikaapa. Na mimi mkinipa nafasi ya kusema mnajua, siishii karibu. Nikasema mbele ya wazee, na mbele ya Mama wa Mungu aliye ukutani, kwamba kuanzia leo mavi hayataingia nyumbani mwangu, wala ya mbuzi, wala ya nguruwe, wala ya mbwa, wala mimi sitakuja mbele ya watu nikiwa na hata punje moja mfukoni—Ta Pastori akanivuta koti, "Inatosha, waitu, inatosha, ndugu yetu."

Ta Laurenti akaitikia kwa kichwa polepole. Uso ukalainika. Akasema, "Umeapa vizuri." Na nyuma ya matete nikasikia kitu kinafungwafungwa, kama mtu anayekusanya nguo, moyo wangu ukaruka, anafunga mzigo, tunaenda nyumbani!

Kwa furaha hiyo nikatia mkono mfuko wa kulia, nikatoa kikopo.

Kiling'aa kweli. Ndugu wote walikitazama. Nikazungusha kifuniko kwa madaha, na kwa sababu ya pamba mdomoni sikutafuna kwanza, nikampa mzee kwa mikono miwili, "Pokea, baba, akamwani kutoka milimani." Akachota. Akampitishia Ta Pastori, naye akachota kiganja kizima, yeye kitu cha bure hakukiacha. Wakatafuna.

Ta Laurenti anatafuna, anatazama juu. Anatafuna tena. "Kavu," akasema.

"Mwaka huu jua lilikuwa kali, baba."

"Mlichemsha na majani gani?"

"Yaleyale ya siku zote."

"Hapana. Kuna majani mengine humu." Akameza. "Sijui ni majani gani."

Na Ta Pastori, aliyejua kazi yake ni kunisifia, akasema huku anatafuna, "Ni ya kwetu, waitu, kahawa ya mlimani lazima uizoee."

Ma Justa akanyoosha mkono, akachukua kikopo, akatoa punje moja. Hakuitia mdomoni. Akaibana kwa kucha ikavunjika, akainusa, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. "Kahawa hii," akasema, "imekula nyasi."

Mimi bado sijaelewa, jamani! Nikacheka. Nilicheka na shavu langu lile.

Halafu akageuza kikopo chini juu, na pale chini nikaona plasta.

Nilitaka kusema neno, pamba ikanikaba. Na Ma Justa, kumbe ndiye mwanafunzi bora wa darasa la watu wazima pale kwao, akaweka kidole chini ya herufi kama walivyofundishwa, ukoo mzima unamsubiri, akaanza kusoma.

"M... bu. Mbu." Akameza mate. "Zi. Mbu-zi." Akatazama watu wote. "Mbuzi."

"Mbuzi nini?" Ta Laurenti akauliza.

"Ngoja, kaka, kuna mengine. Wa. Ma. A... nge... la." Akaweka kikopo chini taratibu kama mtu anayeweka yai. "Mbuzi wa Ma Angela."

Ta Pastori aliacha kutafuna mdomo ukiwa wazi. Ta Laurenti alitazama kiganja chake. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaikumbuka darubini, nikayakumbuka yale mayai na kitu kilichojikunja, nikapiga kelele, "Baba, usimeze! Kuna minyoo!"

Mawe, mama yangu! Kama ningesema nimeleta bomu kungekuwa na utulivu zaidi. Mzee alikwisha kumeza. Ma Justa akasimama mkekani akaita majirani. "Njooni! Mkwe anamlisha kaka yangu mavi yenye minyoo, na anajua! Mmemsikia, anajua!" Watu wakatoka migombani na mapanga ya kukatia majani, mmoja akauliza ni nyoka, mwingine akajibu ni mkwe. Na yule ndugu aliyekuwa kimya tangu mwanzo akanyoosha kidole. "Hakutafuna kwanza. Mlimwona? Alitoa bila kutafuna."

Kwetu anayetoa bila kuonja, mnajua anaitwaje.

Nikaeleza jino. Nikaeleza basi, koti, ofisi imefungwa. Nikatoa kikopo cha kushoto, nikafungua, kahawa safi inanukia nyumba nzima, nikasema hii hapa, hii ndiyo yenu! Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ndipo ukuta wa matete ukafunguka akatoka Koku, mtoto mgongoni, mzigo mkononi umekwisha fungwa. Hakunitazama. Alikitazama kikopo.

"Deo. Mbuzi yupi wa Ma Angela?"

Nikainama. "Yule anayekonda."

"Yesu Maria," akasema, akaketi juu ya mzigo wake.

Ta Laurenti alikuwa hajatukana hata neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mapanga. Alisukuma kikopo kwa ncha ya fimbo mpaka miguuni kwangu. "Kama si uchawi, tafuna."

Nikatoa pamba mdomoni. Nikatafuna. Nimewahi kula vitu vingi, lakini kile nilikuwa nakijua kwa ndani, nilikiona kwa darubini, na kila nilipouma niliona yale mayai yananitazama. Kidonda cha jino kikachukua sehemu yake. Machozi yananitoka, na sikuthubutu kutema. Nikameza mbele ya Koku, mbele ya majirani, mbele ya Bikira Maria niliyemwapia muda si mrefu.

"Si uchawi," Ta Laurenti akasema. "Ni ujinga. Nenda. Mke haendi popote leo."

Tukaondoka na Ta Pastori, anatema mate njia nzima mpaka Nshambya kwa dada yake, tukalala huko.

Jumatatu nikamweleza Bwana Mifugo. Nilidhani atanifukuza. Akashika kichwa, akapauka, akarudia, "Walimeza? Mzee amemeza?" Halafu, wallahi, nikaona macho yanaanza kumeta. "Ndugu Deo, watu hawa inabidi tuwafuatilie!" Maana siku zote anapata watu wasiojua wameambukizwa lini na kwa njia gani, na sasa ana watu watatu waliokula, wenye mashahidi. Akanipakia kwenye pikipiki mpaka Ijuganyondo, na vikopo vipya mkobani.

Ta Laurenti alipoelezwa anachotakiwa kuweka ndani ya kikopo alitusogeza mpaka barazani kwa fimbo. "Mimi mzee mzima, nilishwe mavi Jumamosi, na Jumatatu niombwe mengine?" Lakini Bwana Mifugo alimweleza kwa upole jinsi minyoo inavyoingia, jinsi inavyokaa kimya, na mzee akaogopa kuliko alivyokasirika. Akakubali kwa sharti moja, kikopo chake hakiguswi na mtu wa nje. Atakibeba binti yake.

Basi Koku, aliyekimbia vikopo vyangu, akawa kila mara pikipiki inapolia anakuja nacho barabarani, amekifunika kwa jani la mgomba, uso ameugeuza pembeni, ananikabidhi mimi. Hatusemi. Mara ya kwanza hakunitazama. Mara nyingine akasema, "Shavu limepungua." Mimi nikasema, "Limepungua." Bwana Mifugo anatazama mbali kama haoni.

Mwisho wa yote, minyoo ya mbuzi haikuonekana kwa mzee, wala kwangu, Bwana Mifugo akasema ni bahati tu, mavi yalikuwa yamekauka sana. Aliyekutwa na kitu ni Ta Pastori, tegu, mrefu. Akataka nimlipe. Bwana Mifugo akamwambia tegu huyo hatoki kwa mavi ya mbuzi, anatoka kwa nyama ya nguruwe isiyoiva. Na Ta Pastori miaka yote alikuwa akimwambia mkewe kwamba nguruwe hamgusi hata kwa kijiti. Tangu hapo ndipo tukaelewana vizuri sana mimi na yeye.

Na Koku? Jioni moja nipo jikoni na vidole vyangu vyeusi, nasikia mtoto anakohoa uani. Natoka, huyu hapa, mzigo uleule. Akapita hakunisalimia, akaingia ndani, akatazama kibao, akaona chumvi peke yake. Akakaa.

"Nilikimbia mavi ya mbuzi," akasema, "nimekwenda kubeba ya baba. Kama ni kubeba, bora nibebe kwangu."

Akaninyang'anya kisu akaanza kumenya ndizi, na nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Kuna majani mengine humu," akasema kwa sauti ya baba yake, "sijui ni majani gani," akaanza upya.

Mimi kifuko changu cha mgomba ninacho mpaka leo, kimechakaa, na nitazikwa nacho. Na ukija kwangu utaniona natafuna kwanza mimi, hata kama sina meno, na sasa sina. Naisaga kahawa kwa fizi taratibu mpaka nihakikishe, ndipo nakupa.